Ng'wana wa Bariadi Aliyezaliwa Nje ya Mpaka

Mtanzania aliyezaliwa nje ya nchi akitajwa, akili za wengi huenda kwa mtoto wa mhadhiri aliyeko London au wa muuguzi aliyeko Dallas: mtoto mwenye pasipoti mbili kwenye droo moja na shangazi wa kumpokea uwanja wa ndege. Watoto hao wapo, na wana watu wa kuwasemea. Lakini waulizwe wazee wa Itilima, Meatu na vijiji vya Bariadi ni wajukuu gani wao waliozaliwa nje, jibu litakuwa jingine. Watataja kambi za mifugo kaskazini mwa Zambia. Watataja chumba cha kupanga Nairobi, ambako binti yao alikwenda kufanya kazi za ndani akarudi na mtoto mgongoni. Mmoja mmoja atataja Muscat, kwa sauti ya chini.

Tahariri hii inawahusu hao.

Familia ya Kisukuma haikuingia Zambia kwa siku moja wala kwa njama. Ng'ombe walibanwa Simiyu, kati ya mashamba ya pamba yaliyokuwa yakipanuka na Pori la Akiba la Maswa, wakashuka Tabora, wakapita Katavi na Rukwa. Wengine walitua kwanza bonde la Usangu hadi walipoondolewa kati ya mwaka 2006 na 2007. Baadhi wakavuka mpaka, kwa sababu ng'ombe husimama palipo na nyasi, na mwenye ng'ombe husimama palipo na ng'ombe. Huko mama akajifungua. Mtoto akapewa jina la babu aliyebaki Itilima, akanyonya, akatembea, akachunga. Baada ya miaka kumi na mitano baba anamrudisha nyumbani asome au aoe, na hapo ndipo mtu wa ofisini anamtazama kijana anayezungumza Kisukuma cha ndani kuliko chake mwenyewe, kisha anamuuliza: wewe ni raia wa wapi?

Gazeti hili linajibu bila kuzunguka. Kama siku aliyozaliwa baba yake au mama yake alikuwa raia wa Tanzania, na mzazi huyo mwenyewe alizaliwa hapa, kijana huyo ni raia wa Tanzania tangu alipolia mara ya kwanza. Sheria ya Uraia, Sura ya 357, iliyotungwa mwaka 1995, inasema hivyo katika kifungu cha 6. Haisemi atafikiriwa, wala haisemi anaweza kupewa. Cheti, pasipoti na namba ya NIDA huja baadaye kushuhudia jambo lililokwisha kutokea. Anayeomba uraia ni mgeni anayetafuta tajnisi. Huyo lazima awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya ombi lake, na jumla ya miaka 7 katika ile 10 iliyotangulia, ajue Kiswahili au Kiingereza, na awe na tabia njema. Mjukuu wa Itilima haombi. Anathibitisha tu. Afisa asiyejua tofauti ya maneno hayo mawili hajaiva kukalia kiti hicho.

Maneno mawili katika kifungu hicho, "au mama", yana historia yake. Sheria ya mwaka 1961 ilimtazama baba peke yake. Mwanamke wa Maswa aliyezaa na mgeni ng'ambo alirudi nyumbani na mtoto ambaye machoni pa dola alikuwa mgeni, ingawa bibi yake alikuwa akimbeba. Mwaka 1995 Bunge lilisahihisha. Mwanasheria Mkuu wa Serikali wakati huo alikuwa Andrew Chenge, ambaye miaka kumi baadaye watu wa Bariadi Magharibi walimpeleka bungeni, kwa hiyo mkoa huu hauwezi kujitetea kwamba sheria ilitungwa mbali na watu wasioijua Simiyu. Botswana ilisukumwa na mahakama: mwanasheria Unity Dow, aliyeolewa na Mmarekani, aliishtaki serikali yake kwa sababu wanawe walinyimwa uraia wa mama yao, na mwaka 1992 Mahakama ya Rufani ikampa ushindi. Sisi hatukuhitaji kesi. Tulihitaji, na bado tunahitaji, watumishi wanaosoma sheria mpaka mwisho wa sentensi.

Na kwa wale wanaodai kwamba mtoto kufuata upande wa mama ni mambo ya kigeni, tuwakumbushe mila. Usukumani suala la mtoto ni wa nani lilikuwa na jibu muda mrefu kabla Bunge halijajengwa. Ng'ombe wa mahari wakitolewa, mtoto ni wa upande wa baba. Wasipotolewa, mtoto ni wa nyumbani kwa mama yake, anakulia kwa babu mzaa mama, na baba akitaka kumchukua inambidi aje na mifugo. Mila hiyo haikumtendea haki mwanamke kila mara, na hatuipambi. Lakini haikuwahi kumwacha mtoto bila boma. Hakuna mzee aliyekaa barazani akahukumu kwamba mtoto huyu si wa baba wala si wa mama, arudi porini alikozaliwa. Hukumu ya namna hiyo imekuja na mihuri.

Sasa tuwageukie wazazi, maana hapa wajibu unaanzia mlangoni kwao, na wengi hawajautimiza.

Haki ya mtoto aliyezaliwa Zambia inasimama juu ya karatasi za baba aliyezaliwa Tanzania. Ndipo penye tatizo. Baba huyo, mzaliwa wa miaka ya sabini kijijini, mara nyingi hana cheti cha kuzaliwa. Hakuzaliwa hospitali. Hana tangazo la kizazi. Wazazi wake hawakuona sababu ya kuandikisha, na dola ilichelewa kuwapa sababu: sheria ya usajili wa vizazi na vifo ya mwaka 1920 chini ya Waingereza iliwalazimisha Wazungu, baadaye Waasia, na kumwachia Mwafrika hiari. Mazoea hayo yaliishi baada ya bendera kubadilishwa. Hadi mwaka 2010, utafiti wa kitaifa wa afya ulionyesha kwamba ni asilimia 16 tu ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini waliokuwa wamesajiliwa, na wenye cheti mkononi walikuwa takriban nusu ya hao. Tangu hapo Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, RITA, wameshusha usajili wa watoto wadogo hadi zahanati na ofisi za kata, na Simiyu imo. Ni kazi njema. Lakini inamfikia mtoto wa leo. Baba mzaliwa wa miaka ya sabini bado hana karatasi, na yeye ndiye daraja la mtoto aliyezaliwa ng'ambo.

Kwa hiyo, mzazi: cheti chako kwanza. Usajili uliochelewa unaruhusiwa. RITA wanapokea cheti cha kumaliza shule ya msingi, cha ubatizo, kadi ya kliniki kama ipo, na maelezo ya watu wanaokufahamu. Kafungue faili wilayani kabla hujapeleka ng'ombe mwingine mnadani, kwa sababu bila faili hilo mwanao atakuwa anaegemea ukuta ambao haujajengwa.

Cha pili ni majina, na hapa tutakaa kidogo kwa kuwa ndipo kesi nyingi zinapofia. Msukuma ana jina la ukoo, jina alilopewa kwa tukio la siku aliyozaliwa, jina la ubatizo, na jina ambalo mwalimu wa darasa la kwanza aliliandika alivyosikia. Ng'wandu akaandikwa Mwandu. Kijiji ambacho wenyeji wanakiita kwa Ng'wa- kikaingia kwenye ramani kwa Mwa-. Mtu huyohuyo akivuka mpaka, karani wa kliniki ya Zambia anaandika kwa masikio ya Kibemba. Wapo pia wanaojibadilisha majina kwa makusudi ili wapite kama wenyeji, wapate eneo la malisho, wasisumbuliwe. Mtoto anazaliwa, anapewa karatasi ya kliniki yenye jina la baba ambaye, kwa mujibu wa nyaraka za Tanzania, hayupo duniani.

Wanaofanya hivyo wajue wanachokiuza. Malisho ya misimu mitatu yananunuliwa kwa uraia wa mtoto. Na Zambia haitaufidia. Katiba yao ya mwaka 2016 humhesabu raia wa kuzaliwa yule ambaye angalau mzazi wake mmoja ni raia wa Zambia. Aliyezaliwa huko na wazazi wageni anaweza kuomba kuandikishwa, lakini mpaka afikishe miaka 18 na awe ameishi huko kwa utulivu, jambo ambalo mchungaji anayehamahama bila kibali hawezi kulithibitisha. Hapo katikati, miaka 18 mizima, mtoto yule hana pengine pa kushika ila Tanzania.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa kila mtoto haki ya jina na uraia, na katika kifungu hichohicho cha 6 inamtwika mzazi au mlezi wajibu wa kumsajili. Haikuongeza kwamba wajibu unaisha ukivuka Tunduma. Mtoto akizaliwa ugenini, msajili kwa msajili wa nchi ile, majina ya wazazi wote wawili yaandikwe kama yalivyo kwenye vyeti vyao vya Tanzania, herufi kwa herufi, kisha karatasi hiyo ipelekwe ubalozi wetu. Ubalozi uko Lusaka. Uko Nairobi, uko Muscat. Ni mbali, tunajua, na nauli ni nauli. Ng'ombe mmoja anatosha.

Kwa binti aliyezaa katika nchi za Ghuba shauri hili ni gumu zaidi, na hatutajifanya hatujui. Huko uraia hufuata baba, na nchi nyingi hudai cheti cha ndoa kabla ya kumwandikisha mtoto. Mama asiye na ndoa anaogopa hospitali, anamwogopa mwajiri, anaogopa polisi. Mtoto anarudi kwa hati ya dharura ya safari, au hapo kati hana karatasi yoyote. Wajibu wa ubalozi kwa mama huyo ni kuandika jina la mtoto na jina la mama, basi. Mahubiri juu ya mwenendo wake yana wahusika wengine. Na familia iliyompeleka binti kwa wakala, ikapokea fedha zake kila mwezi, haina uso wa kumkana mjukuu akifika Bariadi.

Mzazi akiisha kutimiza yake, zamu ni ya ofisi.

Mtendaji wa kijiji ndiye mlango wa kwanza. Barua yake ndiyo inayoanzisha yote: RITA, NIDA, Uhamiaji. Katika mikoa yote tunasikia habari za barua inayocheleweshwa mpaka "itolewe soda", na Simiyu haiko nje ya nchi. Barua ya mtendaji ni ushahidi wa umma, na mtendaji anayeiuza anauza kitu ambacho si chake. Zaidi ya rushwa kuna uvivu, ambao hauna kesi mahakamani lakini unaumiza vilevile: kumwambia mtu "wewe umetokea Zambia, nenda Uhamiaji", bila kufungua rejesta ya wakazi wa kijiji, bila kumwita mwenyekiti wa kitongoji aliyesoma darasa moja na baba wa kijana. Watu hao wapo. Wanakunywa chai hatua mia mbili kutoka ofisini.

Kwa maafisa Uhamiaji tunayo kesi mbili za kuwakumbusha, zote za mahakama ya Afrika iliyoko Arusha, zote dhidi ya Tanzania.

Anudo Ochieng Anudo alizaliwa Masama, Babati, mwaka 1979. Mwaka 2012 alikwenda polisi kufuatilia taratibu za ndoa yake. Maafisa wakatilia shaka uraia wake, wakashika pasipoti yake, na mwaka 2014 akafukuzwa kwenda Kenya. Kenya nayo ikasema si wetu. Mtu mzima akaishi kwenye kipande cha ardhi kisicho cha nchi yoyote, pale mpaka wa Sirari, ambako mabasi ya kutoka Lamadi na Bunda yanakomea. Tarehe 22 Machi 2018 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ikahukumu kwamba alinyang'anywa uraia kiholela, na kwamba dola iliyokuwa ikimtambua kama raia ndiyo yenye mzigo wa kuthibitisha kwamba sivyo.

Kesi ya pili iliamuliwa tarehe 28 Novemba 2019. Robert John Penessis alishikiliwa mwaka 2010 kwa madai ya kuishi nchini bila uhalali, wakati akisema ni Mtanzania kwa wazazi wake. Mama alijitokeza kwa kiapo kwamba huyu ni wangu nimemzaa. Mahakama ikasema mtu akiisha kuleta ushahidi wa awali unaosimama, mzigo unahamia upande wa serikali. Haitoshi kwa ofisi kukunja mikono na kusema hatujaridhika.

Mwezi huohuo wa Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lake lililokuwa likiwaruhusu wananchi binafsi na asasi kwenda moja kwa moja kwenye mahakama hiyo, iliyoko katika ardhi yetu wenyewe. Gazeti hili linaona uamuzi huo ulikuwa kosa. Lakini mlango wa Arusha kufungwa hakukufuta kanuni zilizotamkwa humo, na afisa wa Bariadi hahitaji jaji wa Afrika kumweleza kwamba kiapo cha mama, ushuhuda wa wazee wawili na cheti cha shule cha baba si makaratasi ya kutupwa pembeni. Kuna kipimo cha vinasaba pia. Mashaka yakiwa ya kweli, dola ipendekeze kipimo na ikigharimie. Yakiwa ya kuvuta muda, iseme hivyo hadharani.

Hatusemi kila anayedai ni mkweli. Simiyu ina watu 2,140,497 kwa sensa ya mwaka 2022, na mipaka ya nchi hii inavutia wengi wenye nia zao. Afisa ana wajibu wa kuuliza, na aulize kwa ukali akitaka. Tunachokataa ni kuuliza bila kusikiliza jibu, na kuanza na hitimisho kwamba aliyezaliwa nje ni mgeni mpaka atakapochoka. Msako wa wahamiaji haramu hauwi bora kwa kuongezewa wenyeji.

Lipo pia ambalo halimo mikononi mwa mtendaji wala afisa, bali Bunge. Kijana aliyezaliwa Zambia mwaka 1995 na baba mzaliwa wa Itilima ni raia wa kurithi. Akipata mtoto naye hukohuko Zambia, kifungu cha 6 kinamkatia huyo mtoto kamba: mzazi wake ni raia wa kurithi tu, na urithi hauendi vizazi viwili nje. Tunaelewa sababu. Nchi haitaki raia ambao kwa miaka mia hawajakanyaga ardhi yake. Lakini sheria iliyoandikwa kwa kumfikiria mjukuu wa tajiri aliyeko Toronto, ambaye Canada imekwisha kumpa uraia, inamwangukia mjukuu wa mchungaji ambaye hakuna nchi iliyompa chochote. Yule hupoteza pasipoti ya akiba. Huyu anapoteza ya pekee. Upo mlango wa nyuma: sheria hiyohiyo inamruhusu Waziri kumpa tajnisi mtoto mdogo wa raia, mzazi akiomba. Hiyo ni hiari ya Waziri, na hiari si haki. Bunge liongeze sentensi moja: mtoto ambaye vinginevyo angekosa uraia wa nchi yoyote, arithi. Kenya, katika ibara ya 14 ya Katiba yao ya mwaka 2010, walimtambua mtoto wa raia popote azaliwapo, na Kenya haijazama ziwani.

Mjadala wa uraia pacha tunauacha kwa siku nyingine, pamoja na ile Hadhi Maalum iliyoandaliwa kwa wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa kwingine. Umekula nafasi kubwa mno magazetini kwa miaka kumi na zaidi, na wanaoumia kwa kukosa pasipoti ya pili wanaweza kusubiri nyuma ya wasio na hata ya kwanza. Neno moja tu kwa wazazi walioko ng'ambo: mwanao akifika miaka 18 akiwa na uraia wa nchi mbili, sheria yetu inamtaka achague, aukane ule mwingine na kula kiapo cha utii, la sivyo wa Tanzania unaondoka wenyewe bila barua wala taarifa. Mwambieni mapema. Asigundue kwenye kaunta ya uwanja wa ndege.

Uraia ni jambo la Muungano na Bariadi haiwezi kutunga sheria yake. Inaweza kutenda. Mkuu wa Mkoa ana RITA, ana NIDA, ana Uhamiaji, wote katika mji mmoja, na kila mmoja anamrudisha mwananchi kwa mwenzake. Mwananchi wa Meatu hawezi kupanda basi mara tatu kufuata mihuri mitatu ambayo ingeweza kukaa juu ya meza moja. Meza hiyo iwekwe viwanja vya Nyakabindi wakati wa Nane Nane, watu wakiwa tayari wamekusanyika. Kabla ya hapo izungushwe minadani, siku ya mnada, ambako wenye ng'ombe wanafika kwa hiari yao na ambako yule aliyerudi kutoka Zambia juzi atakuwa amesimama kando ya zizi akiuliza bei. Aitwe yeye, aitwe na mwanawe. Waitwe wazee wawili wa kitongoji wakae kwenye benchi. Swali la kwanza liwe la jina la bibi.